Gundi Tamu

Sisimizi walianza na jalada la malalamiko ya majogoo. Kwa nini walichagua hilo hakuna ajuaye. Rafu nzima ilijaa majalada ya watu wa zamani walioiandikia halmashauri ya mji barua za kulalamika, na jamani, watu wale walijua kulalamika. Jirani ana jogoo anayewika kabla ya saa yake. Jirani ana mbuzi anayekula nguo zilizoanikwa. Jirani ana mke anayeimba. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi sisimizi hawakutaka habari za mbuzi wala za mwimbaji. Waliingia kwa dirisha, wakashuka ukutani, wakapanda mguu wa meza kwa mstari ulionyooka, wakazama kwenye majogoo.

Aliyewaona kwanza ni Kikohozi. Kazi yake katika chumba kile cha matengenezo ilikuwa kung'oa pini zilizoota kutu na kupangusa vumbi kwa brashi laini, karatasi moja moja, na vumbi lenyewe ndilo lililompa jina. Aliinama, akatazama, akakohoa, kisha akamwita mwenzake kwa sauti ya chini.

"Fundi, njoo uone wageni wako."

"Wageni wangu kwa nini?"

"Kwa sababu majalada yangu yote wameyapita, hata salamu hawakutoa. Wako kwenye yako tu."

Fundi akasogea. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu anayekaa muda mrefu karibu na taa, na kazi yake ilikuwa kutia viraka. Karatasi iliyochanika aliilaza, akaibandika karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu juu ya mpasuko, akaifunika na kuikandamiza kwa chuma kizito mpaka ikauke. Ilibidi karatasi zote ziwe nzima, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja mashine ya kuzipiga picha ziingie kwenye kompyuta. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuazima, haikuwa na muda wa kusubiri mtu. Na Fundi mwenyewe alikuwa kama mashine, wa muda tu. Kazi ikiisha, mkuu wake angeandika kama aajiriwe moja kwa moja au arudi nyumbani. Alikuwa anaitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Alipenda hata harufu yake.

Sasa aliinama akatazama kwa karibu. Sisimizi walikuwa juu ya viraka vyake. Mahali pasipo na kiraka hawakuwa na shida napo.

Mkuu wa chumba aliingia wakati huohuo. Alikuwa bwana mrefu aliyevaa glavu nyeupe kutwa, akipokea simu glavu, akisaini glavu, na jengo zima lilimwita Bwana Glavu isipokuwa mbele yake. Alitazama ule mstari kuanzia dirishani mpaka mezani, akaurudia kuanzia mezani mpaka dirishani.

"Nani anakula humu ndani?"

Kikohozi akaitazama brashi yake.

"Sisimizi hawaji hapa kusoma. Kuna mtu analeta chakula."

"Mimi nakula nje, Mkuu, pale kwenye benchi," Fundi alisema.

"Majalada yaliyoingiliwa ni ya nani?"

"Ni niliyoyatengeneza mimi."

"Basi lete mkoba."

Jambo la kumwagiwa mkoba mbele za watu lisikie kwa wenzako. Makarani wa chumba cha pili walikuwa wameshafika mlangoni, kila mmoja na karatasi mkononi ili aonekane ana shughuli. Kikatoka kitana chenye mapengo. Zikatoka funguo, kitambaa cha jasho, simu iliyopasuka kioo, risiti ya zamani ya viatu. Ikatoka chupa tupu ya jamu. Na mwisho, ikibingirika taratibu kama iliyopangiwa, ikatoka peremende moja.

Bwana Glavu akaishika kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga.

"Na hii?"

"Ya Kikohozi."

"Unaumwa kikohozi?"

"Ya huyu, Mkuu. Alinipa juzi."

Kikohozi akakohoa kuthibitisha. "Ni kweli nilimpa. Lakini Mkuu, peremende moja, tena iliyofungwa, haiwezi kuita jeshi lote hili."

"Kesho saa sita nataka maelezo," alisema Bwana Glavu, akiiweka peremende mfukoni kama kielelezo cha mahakamani. "Nisipoyapata, nitaandika nitakachoandika."

Makarani wakatawanyika. Fundi akapiga magoti kuokota vitu vyake, akaanza na kitana.

*

Alipotulia aliketi akawaza. Kwa wiki mbili viraka vyake vilikuwa havikauki vizuri. Aliinua chuma akakuta karatasi bado inanata, akaongeza chuma kingine, akalaumu mawingu. Hata alimwambia Kikohozi kwamba mwaka huu hewa ina unyevu wa ajabu. Sasa akatazama bakuli la gundi pale mezani.

Gundi ile ilikuwa unga wa ngano na maji, basi. Inapikwa polepole, inakorogwa bila kuachiwa nafasi, inachujwa. Zamani aliipika humohumo chumbani, lakini jiko la umeme liliungua, na ombi la jiko jipya lilikuwa kwenye mchakato. Bwana Glavu alimwambia atumie ubunifu. Ubunifu ukawa kuipika nyumbani kila alfajiri na kuibeba kwenye chupa ya jamu. Lakini kwenye ripoti Bwana Glavu aliendelea kuandika kwamba gundi imeandaliwa katika chumba cha matengenezo chini ya usimamizi wake, kwa sababu ripoti inapenda kusomeka vizuri.

Fundi akachovya kidole kwenye bakuli. Katika kazi yake kulamba gundi si jambo la kistaarabu. Akalamba.

Akalamba tena.

"Kikohozi, hebu njoo."

Kikohozi naye akachovya, akafumba macho, akaionja kwa makini. "Ingepata maziwa kidogo," alisema.

Ilikuwa tamu kabisa. Na nyumbani kwa Fundi, alfajiri, aliyekuwa macho zaidi yake ni mtu mmoja tu.

*

Mtu huyo ni Bi Mkubwa, mama wa mumewe. Alikuja kutibiwa jicho, akae siku chache. Jicho likapona, likaanza kuona mambo. Liliona mapazia hayaendani na kuta, likayabadilisha. Liliona chumvi imekaa pabaya, likaihamisha, na sukari nayo ikahama, na tangu hapo Fundi alikuwa mgeni jikoni kwake. Wawili wale hawakugombana hata siku moja. Walikuwa na adabu, na adabu ya namna ile inachosha kuliko ugomvi. Umeamkaje, Mama. Salama. Basi, mpaka jioni. Siku za karibuni Bi Mkubwa alikuwa hata chai anainywa bila sukari, tena mbele ya macho yake, na Fundi akachukulia kwamba anamsusia sukari yake.

Mume alikuwa kinyozi. Kinyozini hakuna jambo asilolichangia, tangu siasa mpaka mapenzi, lakini akifika nyumbani maneno yalikuwa yamemwishia, akakaa nyuma ya gazeti kama abiria anayesubiri kuitwa.

Jioni ile Bi Mkubwa alikuwa anachambua mchele sebuleni. Fundi hakuvua hata viatu.

"Mama, unatia sukari kwenye sufuria yangu ya asubuhi?"

"Natia."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipouonja. Uji gani ule. Hauna sukari, hauna chumvi, umeuchuja mpaka umebaki maji."

"Sio uji, Mama. Ni gundi."

"Gundi ya unga wa ngano?"

"Ndiyo."

"Inapikwa kwenye sufuria, kwa mwiko?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ni uji."

Gazeti likatikisika kidogo. Fundi akaligeukia.

"Na wewe ulijua ni gundi?"

"Nilijua," alisema kinyozi.

"Mbona hukumwambia mama yako?"

"Hakuniuliza."

Hapo ndipo yalipomtoka. Alisema tangu Mama aingie nyumba ile hakuna kitu chake ambacho hakijatiwa mkono. Alisema mapazia, akasema chumvi, akasema vijiko ambavyo sasa hulala kichwa chini. Akaeleza habari ya mkoba na makarani mlangoni. "Kesho namwaga unga kwa sababu yako, Mama. Kama hunitaki, si ungesema tu, kuliko kunifuata mpaka kazini kwangu."

Bi Mkubwa akaisukuma sinia ya mchele pembeni. Aliinuka kwa kushika kiti, akaingia chumbani, na baada ya muda ikasikika zipu ya begi, ile zipu mbovu inayokwama katikati, ikivutwa, ikikwama, ikivutwa tena. Fundi alikuwa ameitamani sauti ile kwa miezi. Sasa alipoisikia ikamkaa vibaya rohoni. Kinyozi akageuza ukurasa, na ukurasa wenyewe alikuwa ameshausoma.

*

Kesho yake, njiani, Fundi aliamua kwamba jina la mama mkwe wake halitatajwa. Tayari alikuwa anazisikia ofisi zikicheka ngazi kwa ngazi: mama mkwe wa Fundi ametia sukari kwenye nyaraka. Bibi yule alikuwa na ubishi, alikuwa na mapazia yake, lakini kuchekwa na makarani hakustahili. Na isitoshe, ni yeye Fundi aliyekuwa anaiacha sufuria ipoe jikoni huku akienda kuoga.

Saa sita akasimama mbele ya meza ya Bwana Glavu. Kikohozi alijifanya anatafuta brashi.

"Gundi iliingia sukari," alisema Fundi.

"Sukari inaingiaje yenyewe?"

"Niliitia mimi."

"Kwa nini?"

Fundi hakuwa na kipaji cha uongo. Kuna watu wakidanganya unapata raha kuwasikiliza. Yeye hakuwa mmoja wao. "Nilidhani ingeshika zaidi," alisema, na Kikohozi akakohoa kwa huruma.

"Miaka yote uliyosoma kazi hii," alisema Bwana Glavu polepole, "ulidhani sukari ingeshika zaidi."

"Ndiyo, Mkuu."

Bwana Glavu akafungua kalamu. Aliivuta karatasi, akaandika tarehe, akapigia mstari. Ndipo mlinzi wa mlango mkubwa alipochungulia.

"Mkuu, kuna mama hapa amekataa kusaini kitabu. Anasema yeye hakuja kusoma."

Mama mwenyewe alikuwa ameshampita. Bi Mkubwa aliingia na viatu vyake vya safari, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu, na nyuma yake kinyozi amebeba begi, bado ana aproni na nywele za watu mabegani. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba alimwacha mteja kitini amenyolewa upande mmoja.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona glavu, unaumwa mikono?"

"Ni kwa ajili ya karatasi, Mama."

"Haya. Sukari niliitia mimi. Huyu hana habari."

"Lakini yeye amesema aliitia yeye."

Bi Mkubwa akageuka, akamtazama mke wa mwanawe kwa muda, kama anayemwona mtu aliyempotea sokoni. "Amedanganya," alisema. "Hajui hata sukari nimeiweka wapi."

Kikohozi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Sasa, Mama," alisema Bwana Glavu, ambaye kalamu ilikuwa bado hewani, "kwa nini utie sukari kwenye gundi?"

"Ningejuaje ni gundi, mwanangu? Namwona huyu anaamka kiza, anapika uji mwepesi, hautii kitu, anaumimina kwenye chupa anaondoka nao. Jioni anarudi, chupa tupu. Na alivyokonda unamwona. Nikasema, huyu mtoto anajinyima. Sisi nyumbani tunakunywa chai ya sukari, yeye anashinda na maji ya unga. Nikimuuliza ataona namsimanga umaskini. Basi akienda kuoga, natia vijiko viwili, nakoroga, nafunika." Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetetea hesabu zake: "Na sikumwibia. Nilikuwa natia ile ya chai yangu."

Fundi alikaa kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo. Kilikuwepo. Aliziona zile asubuhi zote, kikombe cha chai kavu, na yeye mwenyewe upande wa pili wa meza akikinunia. Machozi yakamjia akaona haya kuyafuta, akayaacha.

"Subirini," alisema Bwana Glavu. "Gundi inapikwa nyumbani?"

"Mkuu, jiko si liko kwenye mchakato," alisema Kikohozi kutoka ukutani.

Bwana Glavu alionekana akizisoma ripoti zake zote moja baada ya nyingine, na katika kila moja gundi ikiandaliwa chini ya usimamizi wake. Akaitazama ile karatasi yenye tarehe. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, ikakutana na peremende.

"Viraka hivyo vinatoka?"

"Vinatoka," alisema Fundi, akifuta pua. "Gundi ya ngano inalegea kwa maji. Ndiyo maana tunaitumia, Mkuu. Hatubandiki kitu tusichoweza kukibandua."

"Mpaka Jumatatu?"

"Nikipata wa kunisaidia."

Basi Bwana Glavu akavua glavu. Alizivua kidole kwa kidole, akaziweka juu ya meza, na Kikohozi, ambaye alifanya naye kazi miaka, alisogea kuona. Ilikuwa mikono ya kawaida tu.

*

Walifanya kazi Ijumaa ile yote na Jumamosi na Jumapili. Fundi alijaribu wino kwanza, kwa tone moja la maji kwenye pembe, kuona kama unachuja. Usipochuja, aliweka karatasi nene yenye unyevu juu ya kiraka, akasubiri, akakibandua kwa ncha ya kibanio, akapangusa utamu wote kwa pamba. Kikohozi alikausha. Bwana Glavu alikata viraka vipya, na mara ya kwanza alikata vibaya, akaambiwa, akakubali. Barua za majogoo zikavuliwa viraka na kuvishwa vipya. Waliwasoma walalamikaji kwa sauti, wakacheka, na Bwana Glavu akawa upande wa jogoo.

Bi Mkubwa hakuruhusiwa ndani. Alikaa nje kwenye benchi na begi lake miguuni, Ijumaa na Jumamosi, akisema anasubiri usafiri, na usafiri wenyewe ukimpita barabarani mchana kutwa. Jumamosi jioni Fundi alitoka akakaa kando yake, mikono imemkunjamana kwa maji.

"Mama, yale maneno niliyosema juzi."

"Yapi?"

"Yale ya sebuleni."

"Nilikuwa nachambua mchele. Sikuyasikia vizuri."

"Uliyasikia, Mama."

"Niliyasikia." Bi Mkubwa akavuta upindo wa nguo yake ukafunika magoti. "Yaliniuma. Halafu jana Kikohozi akanisimulia ulivyosema uongo kwa ajili yangu, vibaya vile, mpaka nikaona aibu mimi. Hujui kudanganya hata kidogo."

"Sijui, Mama."

"Utajifunza ukizeeka." Akalisukuma begi kwa mguu mpaka likafika kwenye viatu vya Fundi. "Hili zito. Nishikie, mwanangu, twende nyumbani. Na sukari iko nyuma ya kopo la majani ya chai."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Fundi akalishika begi, akalibeba begani.

*

Jumatatu mashine ikaja. Ilikuwa meza yenye taa kali na jicho juu, na jalada la kwanza kulazwa chini yake lilikuwa la majogoo. Karatasi hazikunata. Sisimizi walikuja wachache kuulizia, wakakuta hakuna kitu, wakaondoka. Mchana Bwana Glavu, glavu mkononi tena, alipita kwenye meza ya Fundi akasema bila kumtazama kwamba barua yake ya ajira ameipeleka juu, na kwamba ameandika vizuri. Kuhusu jiko jipya alisema bado liko kwenye mchakato.

Kwa hiyo alfajiri ya Jumanne, na alfajiri zilizofuata, jikoni kwa Fundi zilitoka chupa mbili. Moja ilikuwa na gundi, na Bi Mkubwa alikuwa amefunga kitambaa chekundu shingoni mwa chupa hiyo ili hata yeye mwenyewe asijisahau. Ya pili aliijaza kwa mkono wake na kumkabidhi mkwewe mlangoni, moto bado.

"Hii ni ya kwako," alisema. "Usije ukawapaka majogoo."

Saa ya chakula Fundi alikaa kwenye benchi akafungua chupa ya pili. Uji ulikuwa mzito, na sukari ilikuwa imetiwa kwa mkono usio na hesabu. Sasa kuna jambo ambalo hakumwambia Bi Mkubwa siku ile, wala hakumwambia baadaye. Tangu utoto wake Fundi hakupenda uji, na vitu vitamu vilimuuma jino la nyuma. Alimeza kijiko cha kwanza, macho yakamtoka.

Kikohozi akasogea kwenye benchi, akanyoosha mkono. "Kama umekushinda, nisaidie."

"Toa mkono wako," alisema Fundi, akaendelea kula, jino likimuuma, mpaka kijiko kikaanza kugonga chini ya chupa.